Fundi Anajibu: Zihamishe CD za nyumbani kabla hazijagoma

Habari zenu wasomaji. Mwezi huu meseji zenu karibu zote ni za CD. Nadhani ni kwa sababu laptopu za siku hizi hazina tena ile sehemu ya kuingizia CD na deki nazo zinakufa moja moja majumbani, mtu ana boksi zima chini ya kitanda na hana pa kuzipigia. Nimechukua maswali sita. La kwanza na la pili nimeyajibu kwa urefu, mnivumilie.

*

*Shikamoo fundi. Baba yetu alifariki mwaka jana, ameacha CD kama 60 hivi, taarab na dansi ya zamani. Nimeazima laptopu ya mjomba yenye sehemu ya CD, nikaweka moja nikaona Track01, Track02 mpaka Track10, nikazikopi zote kwenye fleshi. Zilikopika sekunde tu nikafurahi kweli, nikafanya hivyo kwa CD 20. Nimefika nyumbani hakuna hata moja inayopiga, na nikiangalia kila moja ina KB 1 tu. Nyimbo zimeenda wapi? (Binti wa Tanga)*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba, Mungu amrehemu mzee. Nyimbo hazijaenda popote, ziko kwenye CD vilevile. Ulichokopi ni vifaili vinavyoishia na .cda, na kifaili cha .cda hakina sauti ndani yake hata chembe, kina baiti 44 tu za kusema wimbo namba fulani unaanzia hapa na una urefu huu. Umebeba ukurasa wa yaliyomo, kitabu chenyewe umekiacha kwa mjomba.

Hilo kosa siyo la kwako peke yako, nimeshaletewa fleshi za namna hiyo mara nyingi na mara nyingine mtu alikuwa ameshagawa CD zenyewe, ndiyo maana nataka nieleze vizuri. CD ya muziki iliyotoka 1982 kwa Philips na Sony ilitengenezewa deki, haikutengenezewa kompyuta, kwa hiyo ndani yake hakuna mafaili wala folda. Kuna mstari mmoja mrefu wa vishimo vidogo sana unaoanzia karibu na tundu la katikati na kuzunguka kwenda nje, na sauti imeandikwa humo kwa namba, namba 44,100 kila sekunde kwa upande wa kushoto na nyingine 44,100 kwa wa kulia. Ni nyingi hizo, dakika moja ya muziki inakula kama MB 10. Kwa hiyo wimbo wa dakika sita ukikopika kwa nusu sekunde ukawa KB 1, ujue hapo hujachukua kitu.

Kinachotakiwa ni programu ya kusoma ule mstari na kuugeuza kuwa mafaili, vijana wanaita kuripu. Kama laptopu ya mjomba ina Windows 10 au 11, ile Windows Media Player ya zamani bado imo (kwenye 11 inaitwa Windows Media Player Legacy), ukiweka CD utaona kitufe cha Rip CD. Usikibonyeze kwanza! Ingia kwenye setingi zake za kuripu uangalie fomati. Ikiwa imewekwa WMA (fomati ya Microsoft) ibadilishe iwe FLAC, sababu nakueleza hapo chini, na kama kuna alama ya tiki kwenye Copy protect music itoe kabisa, maana ukiiacha nyimbo zitafungwa zipige kwenye kompyuta hiyohiyo tu halafu utalia mara ya pili. Kama ni Windows 7 basi programu hiyo haitoi FLAC, daunlodi fre:ac, ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux.

Sasa fomati gani. Mimi kwa CD za marehemu baba yako nakwambia FLAC bila kusita. MP3 inapunguza ukubwa kwa kutupa sehemu za sauti ambazo sikio kwa kawaida halizisikii, na kilichotupwa hakirudi tena, hata ukija kuigeuza MP3 iwe FLAC baadaye unapata faili kubwa lenye sauti ileile iliyokatwa. FLAC inakunja tu bila kutupa kitu, unayofungua ni yaleyale yaliyokuwa kwenye CD namba kwa namba. Tufanye hesabu, CD ya saa moja ikiachwa ilivyo ni kama MB 600, kwa FLAC inakuwa MB 300 mpaka 400 hivi, kwa MP3 ya 320 (yaani kilobiti 320 kwa sekunde) ni kama MB 144, kwa MP3 ya 128 ambayo ndiyo ilijaa kwenye simu zetu zamani ni kama MB 58. CD zako 60 kwa FLAC ni GB 20 na kitu. Fleshi ya GB 32 inabeba zote na nafasi inabaki! Enzi zile tulikuwa tunabana kwa sababu diski zilikuwa ndogo, leo sababu hiyo haipo.

Jambo moja ambalo limewaliza watu: CD ambazo kompyuta haizijui itaziweka zote kwenye folda la Unknown artist, Unknown album, zote zinaanza na Track 1, kwa hiyo CD ya pili inaweza kuchanganyika na ya kwanza au kuifuta kabisa. Kabla hujabonyeza kuripu andika kwanza jina la albamu na la kikundi, hata kama majina ya nyimbo utayaandika baadaye. Na uende pole pole, CD safi inachukua dakika tano mpaka kumi, fanya nne au tano kila jioni, sikiliza mwanzo na mwisho wa kila moja, kisha uitie alama kwa kikaratasi kwenye kava kwamba hii tayari. CD zenyewe usizitupe wala usizigawe mpaka umeshaweka kopi sehemu mbili tofauti, moja kwenye laptopu au hadidiski ya nje na nyingine kwa ndugu yako anayekaa nyumba nyingine. Fleshi peke yake siyo pa kuhifadhia, fleshi ni ya kubebea.

*

*Assalamu alaykum mwanangu. Mimi ni mtu mzima niko Muscat, nina CD za taarab za Unguja nilizozikusanya miaka mingi kila nikienda likizo. Mjukuu ameninunulia draivu ya CD ya kuchomeka USB na kaniwekea kila kitu, lakini CD nyengine kompyuta inaziita Unknown, na moja ya taarab imekuja na majina ya nyimbo za Kizungu na picha ya watu wenye magitaa. Hii ni virusi au ni nini? (Babu wa Muscat)*

Waalaykum salaam, shikamoo mzee wangu. Siyo virusi. CD nyingi za muziki hazina majina ya nyimbo ndani yake, ni sauti tu na orodha ya mahali kila wimbo unapoanzia. Kompyuta inachukua zile nafasi na urefu wa nyimbo, inauliza kwenye hifadhi kubwa ya intaneti, je kuna mtu aliwahi kuandika majina ya CD yenye nyimbo saba za urefu huu na huu? Akiwepo inaleta majina yake. Ikitokea CD ya kwako na albamu ya watu wa mbali zina urefu unaofanana sana, inakuletea ya wale. Na kama hakuna aliyewahi kuiandika CD hiyo basi ndiyo hiyo Unknown.

Sasa hapo mzee wangu ndipo mimi roho inaponiuma. Hizi hifadhi zinajazwa na watu, anayeandika ndiye anayeonekana, na muziki wetu mwingi haujaandikwa. Gracenote ambayo zamani ikiitwa CDDB ni ya kampuni, freedb ilikuwa ya bure lakini ilifungwa 2020, ya bure na ya watu wote ninayokushauri ni MusicBrainz. CD ya bendi ndogo ya Ulaya iliyouza nakala chache utaikuta humo na jina la mpiga ngoma limo, halafu CD ya kikundi cha Unguja kilichotumbuiza miaka na miaka haina hata jina la mwimbaji. Kwenye jalada la kopi za mitaani mara nyingi wameandika Taarab Asilia Vol. 3 basi, hakuna nani kaimba, hakuna nani katunga. Watu kama wewe ndio mnaojua sauti ya nani ni ipi. Nakuomba, kabla ya kuripu kaa na mjukuu, yeye ashike kibodi wewe umtajie.

Na umtajie kwa utaratibu. Kwenye nafasi ya msanii wa albamu liandikwe jina la kikundi, kwenye nafasi ya msanii wa wimbo aandikwe mwimbaji, kwenye nafasi ya mtunzi aandikwe aliyetunga shairi, maana kwenye taarab mwimbaji na mtunzi mara nyingi ni watu wawili na mtunzi ndiye anayesahauliwa kwanza. Aliyetia muziki kama ni mtu mwengine tena andika kwenye nafasi ya maelezo. Mwaka ukiukumbuka weka mwaka wa kurekodiwa, siyo mwaka uliyonunua CD. Wimbo mmoja wa taarab unaweza kuimbwa na watu wanne kwa miaka hamsini, bila jina la mwimbaji na mwaka mjukuu atakuwa na nyimbo nne zenye jina moja na hajui ipi ni ipi.

Halafu tahajia, chagua moja ushike hiyohiyo. Nimewahi kukuta kwenye kompyuta ya mtu Bi Kidude yupo mara tatu, Bi Kidude, Bikidude, na Fatuma binti Baraka, kompyuta ikafikiri ni waimbaji watatu ikawatenga kwenye rafu tatu. Vilevile Culture Musical Club pengine imeandikwa Mila na Utamaduni, na Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa 1905, kinaandikwa kwa namna nyingi sana. Ukishazoea namna moja, zilizokwisha kuripiwa unazirekebisha kwa programu inaitwa Mp3tag, jina lake ni la MP3 lakini FLAC inaandika pia, unachagua nyimbo zote za CD kwa mkupuo unabadilisha mara moja.

Kava nalo lisiachwe. Mjukuu alipige picha kwa simu, mchana karibu na dirisha bila fleshi ya kamera, mbele na nyuma na vile vijikaratasi vya ndani, mbele iingizwe kwenye nyimbo na zilizobaki ziwekwe kwenye folda la CD hiyohiyo. Kuna majina ya wapiga udi, fidla na kanuni ambayo hayajaandikwa popote zaidi ya nyuma ya kava.

Mkiweza, fungueni akaunti MusicBrainz, ni bure, muiandikishe CD pamoja na zile nafasi za nyimbo zake. Siku nyengine mtu wa Mombasa au wa Toronto akiweka CD iliyotoka kiwanda kimoja na hiyo yako, majina uliyoyataja wewe yatamtokea.

*

*Kaka, nina CD ya harusi ya mama mdogo ya 2004, wimbo wote ulirekodiwa live pale ukumbini na bibi yetu anasikika akipiga vigelegele, sasa bibi hayupo. CD inaruka na sehemu nyingine inakwama kabisa. Nimeambiwa nipake dawa ya meno. Nipake? (Msomaji wa Mombasa)*

Usipake dada yangu, tafadhali. Dawa ya meno ina chembechembe za kusugua, kwa CD ya kununua dukani yenye mkwaruzo mmoja watu wengine wamefanikiwa nayo lakini hii ya kwako ni moja tu duniani, haifanyiwi majaribio.

Kwanza iangalie pande zote mbili. Watu wanalinda upande wa chini unaong'aa, ila hatari zaidi ni upande wa juu. Chini kuna plastiki ya unene wa milimita 1.2 na mwanga wa leza unapita ndani yake, mkwaruzo wa juujuu pengine leza inaupita. Juu ni rangi nyembamba tu halafu moja kwa moja tabaka lenye kuakisi, ukilikwangua hilo umeondoa mahali sauti ilipo. Inyanyue uitazame kwa mwanga wa taa, ukiona vitundu vinapitisha mwanga hapo pameshaliwa. Kama kuna stika imebandikwa juu usiibandue, itatoka na tabaka lenyewe.

Kisha ioshe. Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini cha pamba, na ufute kutoka katikati kwenda nje kwa mistari iliyonyooka, usizungushe. Sababu ni kwamba mkwaruzo unaofuata mzunguko unaharibu kipande kirefu mfululizo na CD haiwezi kukifidia, mkwaruzo wa kukatiza unaharibu vidogo vidogo na CD ina namba za akiba za kurekebisha hivyo. Kausha, usiianike juani. CD ya kuchoma kama hiyo haina vishimo, ina rangi maalumu iliyochomwa kwa leza, jua na joto vinaifubaza, na hiyo ina zaidi ya miaka ishirini.

Baada ya hapo tumia Exact Audio Copy, ya bure, ya Windows, uiweke kwenye kusoma kwa uhakika. Inasoma kila kipande zaidi ya mara moja na majibu yakipishana inarudia tena na tena, wimbo mmoja unaweza kuchukua saa nzima, iache ifanye. Punguza spidi ya draivu. Ikishindwa jaribu draivu nyingine ya mtu mwingine kabla hujakata tamaa, nimeona CD iliyokataa kwenye draivu tatu ikasomwa na ya nne, draivu kuukuu ya kompyuta ya mezani. Na ripu hata vipande, kama wimbo wa tatu umegoma chukua wa kwanza, wa pili na wa nne leo hii. Vigelegele vya bibi vikipatikana sehemu moja tu inatosha kuanzia, hiyo ihifadhi FLAC na uwatumie ndugu wote kopi.

*

*CD yangu ya muziki haionyeshi Track01, inaonyesha folda la MPEGAV na mafaili ya .DAT, programu ya kuripu inasema hakuna CD. (Msomaji wa Nairobi)*

Hiyo ni VCD ndugu, ina picha na sauti. Hapa kukopi kawaida kunafaa kwa sababu ni mafaili ya kweli, nenda ndani ya MPEGAV kopi yale makubwa, yafungue kwa programu ya bure inaitwa VLC, yatapiga. Kopi ya kawaida ikigoma katikati, fungua disiki yenyewe kwa VLC uigeuzie humo. Ukitaka sauti tupu VLC ina sehemu ya kubadilisha, ila usihangaike na FLAC, sauti ya VCD ilishabanwa tangu mwanzo, MP3 ya 256 inatosha kabisa.

*

*Naishi Uingereza, nimesikia kuripu CD zangu mwenyewe ni kosa la sheria, ni kweli? (Msomaji wa London)*

Kwa maandishi ndivyo ilivyo huko. Ruhusa ya kunakili CD yako kwa matumizi yako binafsi iliwekwa Oktoba 2014, wasanii na wadau wa muziki wakaenda mahakamani, na Mahakama Kuu ikaifuta Julai 2015. Nchi nyingine nyingi za Ulaya zinaruhusu kopi ya binafsi. Huku kwetu sheria ya hakimiliki ya Tanzania ni ya 1999 na kutengeneza kopi za kuuza bila ruhusa ni kosa, hakuna mjadala. Mimi nalisema hili kila mara, ripu iliyo yako, isikilize, mrithishe mwanao, lakini usiipeleke kibandani kwa vijana wa kuingiza nyimbo kwenye fleshi wauze. Wanamuziki wetu wazee wengi wamekufa bila kulipwa kopi hizo, na wanaoishi bado wanadai.

*

*Fundi nimefanya ulivyosema zamani, CD zote FLAC, nimeweka kwenye fleshi redio ya gari inasema No File. Mimi ni dereva, bila muziki safari ya Mwanza hadi Dar haiendi. (Dereva wa Mwanza)*

Redio nyingi za gari zinasoma MP3 na WMA tu, FLAC hazijui. Zile FLAC ziache nyumbani kwenye hadidiski, usizifute, halafu kwa fre:ac toa kopi za MP3 za 320 ndizo uweke kwenye fleshi. Fleshi iwe na fomati ya FAT32, maana ikiwa NTFS redio nyingi hazitaiona hata kama nyimbo ni sawa. Fanya hiyo fomati kabla ya kuweka nyimbo, kwa sababu inafuta kila kitu. Majina ya mafaili yaanze na 01, 02, 03, ukiandika 1, 2, 3 redio nyingine itapiga 1 kisha 10 kisha 11 ndiyo irudi 2, na kila CD iwe na folda lake. Kama nyimbo bado zinakuja bila mpangilio, futa zote uzikopi upya folda moja baada ya jingine kwa utaratibu unaoutaka, kuna redio zinazopiga kwa kufuata kilichoingia kwanza. Safari njema kaka.